Maji Yasiyonyimwa Mtu

"Mama, unampikia nini huyu mzee?"

Muuguzi aliuliza hayo bila kuinua macho kutoka kwenye mashine ya kupimia presha. Kliniki ilikuwa upande wa Tononoka, na asubuhi hiyo foleni ilikuwa imejaa ukumbi mzima mpaka ikatokeza uani. Mwanakhamis alisimama nyuma ya kiti cha mumewe, mkono mmoja umeshika bega lake, mwingine umeshika mfuko wa dawa.

"Vyakula vya kila siku, mwanangu. Wali, samaki, mchicha."

"Na chumvi?"

"Natia kiasi."

"Kiasi gani? Tazama miguu hii." Alibonyeza kidole kwenye mguu wa mzee, na alipokitoa shimo likabaki palepale. "Figo zimechoka. Kila mkija mnaambiwa chumvi, chumvi, na kila mkija presha ni ileile, kama si kuzidi. Mama, unammaliza mzee wako kwa mkono wako mwenyewe."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini foleni ya kliniki haina siri. Wanawake wawili walioketi karibu walimgeukia Mwanakhamis, wakamtazama kuanzia buibui hadi viatu, kisha wakatazamana. Mwanamke aliyesifiwa kwa mapishi yake tangu siku aliyoolewa, leo alikuwa akitazamwa kama mtia sumu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mumewe alikohoa. Mwalimu Abdulghafur alikuwa amewasomesha Kurani nusu ya watoto wa Mji wa Kale kabla miguu haijamshinda, na bado alikuwa na ile sauti ya kunyamazisha darasa bila kupiga kelele. "Binti yangu, mke wangu usimseme hivyo. Mimi nala nnachopewa, na nnachopewa ni kizuri."

Muuguzi alimchekea mzee, akamwita mgonjwa mwingine.

Walipofika nyumbani Mwanakhamis hata buibui hakulivua. Aliingia jikoni, akachukua kopo la chumvi, akalimimina lote kwenye shimo la maji machafu, akalisuuza, akaliweka kifudifudi. Tangu siku ile chumvi haikuingia tena katika nyumba hiyo. Hilo lisemwe wazi, maana kuna watu mpaka leo hawaliamini.

*

Nyumba yao iko Kibokoni, katika kichochoro ambacho watu wawili wenye makapu wakikutana sharti mmoja arudi nyuma. Kisima ndicho kilichotangulia hapo, nyumba ya mawe ikajengwa baadaye ikikizunguka. Nyanyake Abdulghafur ndiye aliyekichimbisha, kisha akakiweka wakfu: maji yake ni ya kila apitaye, asinyimwe mtu. Ndiyo sababu barazani kulikaa mtungi wa sabili na kata yake, unajazwa asubuhi, unajazwa alasiri. Watoto wa madrasa walikunywa hapo, wachuuzi walikunywa hapo. Gunga, mchukuzi wa mkokoteni aliyetoka Kaloleni kutafuta riziki mjini, hakupita hata siku moja bila kuegesha, akavua kofia na kusema, "Mwalimu, maji." Naye mwalimu humtekea kwa mkono wake, maana hakupenda mtu mwingine ampokonye thawabu hiyo.

Siku za dhiki Abdulghafur aliwahi kuuza redio yake, akauza saa yake, akauza hata vitabu vingine. Lakini hakuwahi katika umri wake kumwambia mtu kwamba maji hapana. Akitaja kufa, husema neno moja tu: "Nikifa n'osheni kwa maji ya kisima changu. Mengine fanyeni mtakavyo."

Kwa hiyo Shukri alipokuja hakukuwa na la kujadili. Shukri ni kijana wa mtaa huohuo, alichuma Uarabuni, akarudi akanunua bustani kuukuu iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, akakata miti, akamwaga zege ukuta kwa ukuta, akainua nyumba ya wageni ya ghorofa. Alikuja na sahani ya haluwa, akambusu mkono mwalimu wake wa zamani, akaomba apitishe bomba na pampu apate maji ya ujenzi. Mwanakhamis, aliyekuwa nyuma ya pazia, alikohoa kumtahadharisha mumewe. Mumewe akajifanya hakusikia.

"Maji si yangu, mwanangu," alisema. "Ni ya Mngu. Chota."

Ujenzi ukaisha, wageni wakaja, pampu ikabaki. Ikawa inanguruma mchana na usiku mpaka wenyewe wakaacha kuisikia.

Yalikuwako na mengine waliyoacha kuyaona. Mwasumini uliokuwa kando ya kisima ulikauka tawi baada ya tawi, na Mwanakhamis akakilaumu kivuli cha ghorofa ya Shukri. Sabuni ya kufulia iliacha kutoa povu, akagombana na muuza duka, akahamia duka jingine, huko nako akakuta sabuni ni zilezile. "Siku hizi watuuzia chokaa," alilalama. Chai ikawa yataka sukari zaidi, nao wakazidisha sukari.

Basi alipoacha kutia chumvi alingoja mumewe anung'unike. Mzee hakunung'unika. Alikula kunde, akala wali wa nazi, akalamba vidole. Mwanakhamis mwenyewe alipoonja aliona chakula kina ladha yake ya siku zote, akamshukuru Mola kwa kumpa mkono wenye baraka. Masikini, alijisifu hata mbele ya wifi yake.

*

Walipokwenda tena kliniki presha ilikuwa imepanda. Muuguzi safari hii hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alitikisa kichwa tu, akaandika.

Habari zilimfikia Ummukulthum, dadake Abdulghafur, kwake Mbaraki. Alikuja mchana huohuo. Hakutaka chai wala kuketi. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua makopo moja moja, akachovya kidole na kulamba: hili bizari, hili sukari, hili unga. Alipokosa alichokitafuta, akafunua chungu cha kunde kilichokuwa motoni, akatia mwiko, akaulamba. Kisha akaurudisha taratibu.

"Munyu huu," alisema. "Wifi, nakuuliza kwa wema. Mbona watudanganya?"

"Wallahi sijatia."

"Usiape. Ulimi wangu n'nao mwenyewe. Ndugu yangu yuafa, na wewe wataka sifa za mapishi?"

"Kulthum, tangu ile siku ya kliniki chumvi haijaingia humu. N'imwapie nani ndipo uniamini?"

"Kunde zenyewe zasema, wifi. Mimi n'mekuja kuonja tu."

Ummukulthum aliondoka akiwa analia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Hicho ndicho kilichomuuma Mwanakhamis zaidi. Alikaa jikoni peke yake, akainusa mikono yake, akaanza kujishuku: labda anatia bila kujijua, labda uzee umemwingia kichwani. Tangu siku hiyo kila akipika alimwita jirani asimame mlangoni amtazame. Mwanamke wa makamo yake, akisimamiwa jikoni kwake kama mwali anayefunzwa kuchuja tui.

*

Binti yao Nasiha ameolewa Nakuru, na alikuwa hajaja tangu mwasumini ungali na maua. Alifika saa sita, jua limewaka, na kabla hajaweka begi chini alifanya alivyofanya tangu utotoni: akachukua kata, akateka mtungini, akapiga fundo kubwa. Akalitema chini.

"Nasiha! Watema maji ya babako?"

"Mama, nani katia chumvi humu?"

"Chumvi ya nani? Yametoka kisimani hivi sasa."

Nasiha alimtazama mamake kuona kama anafanya mzaha. Babake alikuwa amelala chumba cha ndani. Walikwenda uani, wakateka ndoo, wakaonja wote wawili.

"Maji tu haya," alisema Mwanakhamis.

Binti akafungua mkoba, akatoa chupa ya maji aliyonunua njiani. "Kunwa haya kwanza. Mengi. Sasa yale ya ndoo."

Mwanakhamis alikunywa ya chupa, yakapita kooni laini, hayana neno. Kisha akapeleka kata ya ndoo mdomoni, na ulimi wake ukazindukana. Chumvi. Chumvi tupu, ya kukwaruza koo. Aliketi kwenye ukingo wa kisima.

Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe, na jiwe hilo lina vitundu kila mahali. Bahari imo chini ya kila nyumba. Mvua hunyesha ikapenya, ikakaa juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, na wazee waliochimba visima walijua kusimama pale ndoo ya kwanza ilipotoka tamu, wasiongeze hata shubiri. Juu ya utando huo mwembamba ndipo mji wote ulipokaa ukajenga misikiti, ukaoza mabinti, ukazika. Watu walichota kwa kamba, na mvua ikarudisha walichochota. Mkono una kuchoka, ukaipa mvua nafasi. Pampu haichoki, na bustani iliyokuwa ikinywa mvua sasa ni zege. Bahari ilipanda kidogo kidogo kujaza palipoachwa wazi, siku baada ya siku, kwa kiasi ambacho ulimi wa mwenye nyumba haungeweza kukishika.

Mwanakhamis hakuyawaza hayo ya mvua na mawe. Alikuwa akiwaza bilauri. Kila asubuhi na kila jioni alimmezesha mumewe vidonge vya presha kwa bilauri ya maji haya, akimwambia, "Maliza yote, baba Nasiha, dawa yataka maji mengi." Naye humaliza, akamrudishia bilauri na kumwambia Mngu akuweke.

"Tumwambie baba," alisema Nasiha.

"Usithubutu. Akijua hayo, kitakachomuua hakitakuwa figo."

*

Alikwenda kwa Shukri kesho yake. Msichana wa mapokezi, aliyemwona amevaa buibui lililopauka na champali, alimwelekeza mlango wa jikoni akidhani anatafuta kazi ya kufua. Mwanakhamis alikwenda akangoja huko, karibu na makreti ya maji ya chupa yaliyopangwa mpaka dirishani. Aliyatazama makreti yale muda mrefu.

Shukri alipomwona pale alifadhaika. "Shikamoo, mama. Mbona huku? Karibu ndani."

"Marahaba. Hapa pananitosha. Nalikuja kukuuliza, mwanangu. Maji ya kisima wayaonaje?"

Shukri akainamisha macho. "Yana chumvi, mama. Tangu mwaka jana. Sisi hatuyanwi, ni ya vyoo na ya kufulia mashuka. Wageni wana ya chupa."

"Wajua tangu mwaka jana?"

"Nalidhani mwajua. Kisima ni chenu."

"Na kama twajua, tungemnwesha mgonjwa?"

Shukri alikuwa amekunja mikono mbele kama siku zile alipokuwa hajahifadhi sura yake ya Kurani. "Nisamehe, mama. Mara ngapi n'metaka kusema. Lakini nitamwambiaje mwalimu wangu kuwa maji ya nyanyake yameharibika? Nalona haya."

Mwanakhamis alitaka kumchukia akashindwa. Haya hizohizo ndizo alizomfunza mwanawe.

"Izime pampu," alisema.

Shukri aliizima siku ileile. Lakini bahari haikuingia siku moja, wala haikuwa na haraka ya kutoka.

*

Mpango ulikuwa wa Mwanakhamis na Gunga. Asubuhi mwalimu akiwa bado kitandani, Gunga hupitisha mkokoteni kwa mlango wa nyuma akashusha mitungi ya plastiki yenye maji ya kununua kutoka nje ya Mji wa Kale. Maji hayo yalikuwa ya mgonjwa peke yake, na chungu chake, maana hawakuwa na uwezo wa zaidi. Mtungi wa barazani uliendelea kujazwa kwa ya kisima, na Mwanakhamis hujibanza nyuma ya mlango akiwanong'oneza wapitao: "Msinwe, wanangu. Shikeni kata tu, mwalimu awaone." Gunga hakuhitaji kunong'onezwa. Mkokoteni wake umejaa maji matamu, yeye huja mbele, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, maji," akapokea kata, akainywa yote.

"Mbona wewe wanwa?" Mwanakhamis alimuuliza siku moja uani.

"Nimekunywa siku zote, mama. Chumvi niliijua zamani. Sasa nikatae leo, mzee atafikiria nini?"

Na mzee, bilauri ya kwanza ya maji yale alipoinywa, alitulia akaitazama. Akaomba nyingine.

"Mwanakhamis, maji haya..."

"Yana nini?"

"Yana utamu wa zamani. Yale ya nyanyangu haswa." Alitabasamu, na zilikuwa siku nyingi hajatabasamu kwa meno. "Siku hizi nalikuwa nayaona mazito kidogo, nikasema ni maradhi yamenitia ulimi mbovu. Kumbe ni kheri. Kisima kimerudi."

Uvimbe wa miguu ulipungua. Akaweza kutoka hadi barazani mwenyewe kwa kushika ukuta. Kila aliyepita alimwambia kisima kimerudi, na kila aliyeambiwa alisema mashallah. Mtaa mzima ulijua, mtaa mzima ulinyamaza. Kisha akatangaza kwamba Shaaban hii hitima ya nyanyake itasomwa palepale uani, kama alivyofanya babake, na ndoo ya kwanza ataiteka mwenyewe.

Mwanakhamis alijaribu kila njia. Alisema wewe mgonjwa, alisema watu wana shughuli, alisema mvua. "Mke wangu," alimjibu, "n'acheni nimshukuru aliyenipa."

*

Walikuja watu mpaka ua ukajaa. Hitima ilisomwa, dua ikaombwa. Kisha Abdulghafur akainuliwa, akashika kamba kwa mikono yake miwili iliyokonda, akateka. Gunga alisimama nyuma yake asije akaanguka. Ndoo ilipofika juu ikasikika "Allahu akbar" kutoka kila upande, na wengine walikuwa wameshafuta macho.

Kwa desturi ya nyumba hiyo mwenyeji huwatekea watu mmoja mmoja, yeye akanywa wa mwisho. Aliwapa. Shukri alikunywa, akasema matamu, mwalimu. Imamu alikunywa, akasema Mngu amlaze pema aliyechimba. Ummukulthum alipewa ya kwake upande wa wanawake. Alipoyaonja alisimama na kata mkononi, akageuza shingo polepole akamtazama wifi yake, na uso wake ukabadilika. Akameza.

Mwisho Abdulghafur akateka ya kwake, akasema bismillahi, akanywa.

Hakutema. Mwanakhamis, aliyekuwa akimtazama kutoka ngazini, aliona koo lake likipanda na kushuka mpaka kata ikaisha. Mzee akaigeuza kata kifudifudi, akawaangalia watu wote waliokunywa kabla yake, mmoja mmoja, nyuso walizoinamisha.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mmenitukuza. Nendeni salama."

*

Walipobaki wawili alimwita aketi karibu naye.

"Tangu lini?"

"Shukri asema mwaka jana. Mimi n'mejua tangu aje Nasiha."

"Na nnayokunwa ndani?"

"Ya kununua. Gunga huyaleta."

Alitikisa kichwa, kana kwamba hesabu imemtoka sawa. Hakukasirika, na Mwanakhamis alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kisha akauliza, "Mamake Mahira alikuwa akichota wapi?"

Mamake Mahira alikuwa jirani yao wa mlango wa pili, mwenye presha ya siku nyingi. Mwaka uliopita kiharusi kilimwangusha akiwa anafagia, na hakuamka tena.

"Nakuuliza."

"Hapa, baba Nasiha. Wajua alikuwa achota hapa."

"Asubuhi na jioni. Nami nikimtekea kwa mkono wangu, naye akin'ombea dua kwa kila ndoo."

"Hukujua."

"Sikutaka kujua. Ulimi uliniambia mapema, nikaukemea." Alifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kumtetema. Mwanakhamis alikuwa mkewe tangu usichana, na alikuwa hajamwona akilia, hata walipozika kitinda mimba wao. Alimkumbatia kama mtoto na yeye akalia, kwa sababu ya mzee huyu, kwa sababu ya mamake Mahira, na kwa sababu ya zile bilauri.

"Kesho mwite Shukri," mzee alisema hatimaye. "Alete mbao na misumari."

*

Shukri alikigongomea kisima mwenyewe, na kila nyundo iliyolia ilisikika mpaka barabara kubwa. Mtungi ukaondolewa barazani. Palipokaa mtungi pakabaki duara jeupe juu ya sakafu.

Abdulghafur hakukubali kulala ndani. Aliketi barazani palepale, karibu na lile duara, na wapitao njia walimwamkia wakapita upesi. Gunga alikuwa hajapata habari, alikuwa amekwenda kwao kwa matanga. Alirudi siku ya tatu, mkokoteni umejaa mitungi ya maji, akaegesha mbele kama kawaida, akavua kofia.

"Mwalimu, maji."

Mzee alimtazama Gunga, jasho likimtiririka shingoni, akatazama na mahali pa mtungi.

"Maji hapana, Gunga," alisema.

Gunga alisimama na kofia yake mkononi. Akaona duara. Akaelewa.

"Haidhuru, mwalimu." Alikwenda mkokotenini, akafungua mtungi mmoja, akamimina kwenye kikombe chake cha bati, akarudi nacho kwa mikono miwili. "Basi leo nikupe mimi."

Mwanakhamis alikuwa dirishani. Alimwona mumewe akikipokea kikombe, maji yakimwagika kwenye kanzu. Alikunywa kidogo, akasema ahsante, mwanangu. Mtu ambaye hajawahi kupewa maji na mpita njia. Usiku ule alikataa chakula, na kesho yake pia. Maji aliendelea kunywa kila alipopewa, lakini hakuomba tena.

*

Mwezi wa Ramadhani ulimkuta hayupo. Karatasi ya hospitali ilisema figo. Ummukulthum alikuja akakaa jikoni na wifi yake, akamshika mikono akaibusu, nao hawakusema lolote kuhusu kunde.

Asubuhi ya mazishi mitungi ya ndani ilikuwa mitupu, na mfereji wa mtaa ulikuwa hautoi maji tangu juma lililopita. Gunga alikimbia na mkokoteni wake kutafuta maji, na watu walimngoja, lakini jua lilikuwa linapanda na jeneza limeshafika.

"Mwenyewe aliusia," alisema Ummukulthum. "Aoshwe kwa maji ya kisima chake."

"Na chumvi?" mtu mmoja akauliza.

"Maji ya bahari ni tohara," alisema imamu. "Sembuse haya."

Shukri aliitwa na nyundo yake. Mwanakhamis, eda yake imeshaanza, amejifunika kitambaa cheupe, alikaa ngazini akiisikiliza misumari ikitolewa ubao baada ya ubao. Kisha kamba ikashuka, ndoo ikagonga maji, na waosha wakaanza kazi yao nyuma ya shuka zilizotandazwa uani.

Baada ya kitambo mkono mmoja ulitokeza chini ya shuka, umeshika kipande cha sabuni.

"Mwenye nyumba, tupeni nyengine," mwosha alisema kwa upole. "Hii mbovu, haitoi povu."

Mwanakhamis aliinuka. Alikwenda kabatini, akachukua sabuni mpya, akaivua karatasi yake, akaiweka katika kile kiganja kilichokuwa kikingoja. Hakumwambia kwamba kosa si la sabuni.